Vitabu vya sauti nimevinunua kwa pesa yangu, redio ya baba inavikataa

Swali: "Kaka, habari za kazi. Ninaishi Columbus, Ohio. Baba yangu yuko Tanga, ni mwalimu mstaafu, na presha ya macho imemfikisha mahali hawezi tena kusoma. Nimemnunulia vitabu vya sauti vya Kiingereza kutoka maduka kadhaa ya mtandaoni, pamoja na redio ndogo ya vitufe inayotumia memori kadi, kwa sababu simu ya kugusa hataki hata kuisikia. Nilinakili vitabu vyote kwenye kadi. Vingine redio haivioni kabisa. Vingine inaviona, lakini inaandika 'format error'. Hata vinavyocheza vinaruka kutoka sura ya kwanza hadi ya kumi, na akizima redio vinaanza upya. Naenda nyumbani Desemba. Ninunue redio nyingine?"

Jibu:

Dada, pole kwa usumbufu, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Redio nyingine usinunue kwanza. Ulichoeleza ni matatizo matatu yaliyokutana kwenye kadi moja, na kila moja lina dawa yake. Mawili utayamaliza kwa jioni moja ukiwa na kompyuta. La tatu linatokana na kufuli ambalo duka limeweka ndani ya faili, na redio mpya ya bei yoyote inaweza kukukwamisha palepale.

Kwanza tujue umenunua nini hasa. Windows kwa kawaida huficha zile herufi za mwisho wa jina la faili. Fungua folda ya vitabu, bofya View, halafu Show, kisha weka tiki kwenye File name extensions. Sasa kila faili itakuonyesha mkia wake. Nadhani utakuta aina tatu: .mp3, .m4b na .aax. Kisha pakua VLC, ni programu ya bure, na ujaribu kufungua faili moja ya kila aina. VLC haina undugu na duka lolote, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Ikicheza kitabu vizuri, faili hiyo haina kufuli na tunaweza kuigeuza tutakavyo. Ikikaa kimya wakati programu ya duka inakicheza bila shida, hapo pana kufuli.

Usihukumu kwa mkia peke yake. Faili ya .m4b iliyonunuliwa Apple ina kufuli, na .m4b ya duka lingine haina, ingawa kwa macho zinafanana kabisa. Ndiyo maana nakutuma VLC.

Tuanze na .m4b zisizo na kufuli, kwa sababu nahisi ndizo zinazoandikiwa "format error". Hiyo .m4b ni sauti ya AAC (njia ya kubana sauti, tofauti na MP3) iliyowekwa ndani ya faili moja ndefu, pamoja na alama za sura na picha ya jalada. Kwa simu na kompyuta ni mpangilio mzuri sana: saa kumi na mbili za kitabu kwenye faili moja, na unaruka sura kwa kugusa. Kwa redio ya vitufe ni balaa. Soma boksi la redio hiyo. Aghalabu utakuta imeandikwa MP3, WMA na WAV, basi. Sababu mojawapo ni pesa. Hataza za MP3 ziliisha, na mpango wa kuuza leseni zake ulifungwa 2017, kwa hiyo siku hizi mtengenezaji anaweka MP3 bila kumlipa mtu. AAC bado ina leseni ya kulipia, na kiwanda kinachotengeneza redio ya bei ya chini hakina sababu ya kuongeza gharama hiyo.

Watu wengi hapa hubadilisha jina tu: wanafuta .m4b na kuandika .mp3. Haisaidii. Umebadilisha jina, ndani bado ni AAC. Kubadilisha jina kunasaidia pale tu redio inapojua kusoma AAC lakini haiujui mkia wa .m4b. Hapo ukiandika .m4a inaweza kucheza mara moja. Jaribu na faili moja, ni dakika mbili.

Kabla hujaanza kugeuza chochote, rudi kwenye duka uliponunua. Libro.fm, kwa mfano, duka la Seattle linalouza kwa kushirikiana na maduka huru ya vitabu, huuza vitabu bila kufuli na hukuachia uchague kupakua MP3 au .m4b. Inawezekana ulibofya ya kwanza uliyoiona. Kama ndivyo, ingia tena kwenye akaunti yako, pakua MP3, na kazi ya kugeuza imekwisha bila kugeuza.

Kama duka halitoi MP3, tumia ffmpeg. Ni programu ya bure isiyo na madirisha ya kubofya, unaiandikia amri. Najua wengi huogopa ule ukurasa mweusi, lakini amri ni moja tu na itakutumikia kwa vitabu vyote:

ffmpeg -i kitabu.m4b -vn -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k -f segment -segment_time 600 kitabu_%03d.mp3

Nikueleze kila kipande, maana kimewekwa kwa sababu. Ile -vn inatupa picha ya jalada, ambayo redio nyingine hukwama ikikutana nayo. Ile -ac 1 inafanya sauti iwe mono, kwani anayesoma ni mtu mmoja na stereo haimwongezei mzee kitu. Namba 44100 ni kiwango cha sampuli. Vitabu vingine huuzwa kwa kiwango cha chini ya hapo, na kuna redio za bei nafuu ambazo zikikutana na kiwango cha chini zinakataa kucheza au zinamfanya msomaji asikike kama anakimbizwa. Kisha 64k ni kilobiti 64 kwa sekunde, inayotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma. Kwa kiwango hicho saa moja inachukua kama megabaiti 29, na kitabu cha saa kumi na mbili hakifiki megabaiti 350. Kadi ya gigabaiti 8 itabeba zaidi ya saa 250 za kusikiliza.

Kipande cha mwisho ndicho ninachokijali zaidi. Namba 600 ni sekunde, yaani kila faili itakuwa ya dakika kumi. Utaona ni vipande vingi, sabini na mbili kwa kitabu cha saa kumi na mbili, na kipande kinaweza kukatika katikati ya sentensi. Usijali, kinachofuata kinaendelea palepale. Faida yake inakuja kwenye lile la redio kuanza upya. Redio nyingi za aina hii hazikumbuki dakika mtu alipoishia. Zilizo bora kidogo hukumbuka ilikuwa faili gani, basi. Sasa fikiria mzee amesikiliza saa tatu za faili moja ndefu, umeme wa betri ukaisha. Atazitafutaje zile saa tatu kwa kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele, na macho hayaoni skrini? Kwa vipande vya dakika kumi, hasara kubwa kabisa ni dakika kumi, na kurudi nyuma ni mbonyezo mmoja. Kwa mtu asiyeona vizuri, vipande vifupi ndivyo vinavyompa uwezo wa kuendesha kitabu chake mwenyewe bila kumwita mjukuu kila saa.

Redio yake ikiwa ni ya aina inayosahau kila kitu, inaanza faili ya kwanza ya kadi kila inapowashwa, hiyo ndiyo sababu pekee itakayonifanya nikubali ununue nyingine. Ukiwa dukani iwashe, ruka hadi faili ya tano, zima, washa tena, uone inaanzia wapi. Vichezaji vidogo vya SanDisk vya familia ya Clip vimejengwa kwa kazi hii: ukiweka faili ndani ya folda inayoitwa Audiobooks, vinakumbuka mahali mtu alipoishia. Skrini yao ni ndogo, lakini vitufe vinashikika kwa vidole. Hata simu ya kitochi nzuri hucheza MP3 kutoka memori kadi, na mzee pengine anayo tayari mfukoni na vitufe vyake anavijua. Ijaribu kwanza kabla ya kutoa dola.

Twende kwenye sura kuruka ruka. Hapa kuna visababishi viwili. Cha kwanza ni majina. Redio ikipanga kwa jina, "sura 10" inatangulia "sura 2", kwa sababu inalinganisha herufi moja moja na moja ni ndogo kuliko mbili. Dawa ni tarakimu tatu kila mahali: 001, 002, 010. Ile amri ya juu inafanya hivyo yenyewe. Kwa MP3 ulizonunua zikiwa tayari, zibadilishe majina kwa programu iitwayo Mp3tag, na ukiwa humo jaza pia namba ya wimbo na jina la albamu, maana vichezaji kama hivyo vya SanDisk hupanga kwa lebo za ndani na si kwa jina la faili.

Cha pili watu wengi hawakijui. Redio rahisi kabisa haipangi kwa jina wala kwa lebo. Inacheza faili kwa mfuatano ule zilivyoandikwa kwenye kadi. Hapo namba zako zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado sura ikaruka. Suluhisho: chukua kadi, ifomati upya kwa FAT32, mpangilio wa kadi ambao redio ndogo huusoma (nakala za vitabu ziwe salama kwenye kompyuta kwanza), kisha unakili kitabu kimoja kimoja, kila kitabu na folda yake. Ndani ya folda panga kwa jina, chagua zote, na unapoziburuta shika ile faili ya kwanza, 000 au 001. Ukishika ya katikati, Windows huanza kunakili na hiyo uliyoshika, na mfuatano unaharibika tangu mwanzo. Nimeona watu wakinakili kadi ileile mara kadhaa na kulaani redio, kumbe ni kidole kilianza katikati. Usinakili vitabu viwili kwa wakati mmoja.

Chagua kadi ya gigabaiti 32 au chini yake. Kadi kubwa zaidi huja na exFAT, ambayo redio ndogo haziisomi, na dirisha la kawaida la Windows limekuwa likigoma kuifomati kadi kubwa kwa FAT32. Ukinunua kadi Kariakoo au Barabara ya Kumi na Mbili pale Tanga, ipime kwanza kwa programu inayoitwa H2testw. Inajaza kadi na kuisoma tena, na inakuambia kama gigabaiti zilizoandikwa juu zipo kweli. Kadi feki hupokea faili zote bila kulalamika, halafu kitabu kinakatika nusu na hujui kwa nini.

Sasa zile .aax, ambazo redio haizioni kabisa. Mkia huo, na ule wa zamani wa .aa, ni wa Audible, kampuni iliyoanzishwa 1995 na kununuliwa na Amazon 2008. Historia yake inaeleza shida yako. Walianza kuuza vitabu vya sauti kabla ya iPod kuzaliwa, wakati hapakuwa na kichezaji cha mfukoni cha kuvichezea, wakatengeneza cha kwao kilichobeba kama saa mbili tu za sauti. Faili zao ziliundwa kwa ajili ya kifaa chao, zikiwa na kufuli, maana wachapishaji waliogopa vitabu kunakiliwa ovyo. Vifaa vya wengine vilipokuja, kila mtengenezaji aliyetaka kucheza faili hizo alilazimika kukubaliana na kampuni na kuweka ufunguo ndani ya kifaa chake. Vifaa hivyo viliuzwa vikiwa na alama ya AudibleReady kwenye boksi: iPod, baadhi ya vya Creative, baadhi ya vya SanDisk. Redio ya mzee haina ufunguo huo na haitaupata.

Kwa hiyo VLC na ile amri ya ffmpeg hazitakusaidia hapo, na kubadilisha jina ndiyo kabisa. Zipo programu zinazovunja kufuli hizo, na ukitafuta utaziona. Sitakuelekeza huko. Unaishi Marekani na akaunti yako iko huko, na sheria ya huko ya 1998 inakataza kuvunja kufuli hata kwa kitu ulichokinunua kihalali. Kenya nayo imeweka katazo kama hilo kwenye sheria yake ya hakimiliki. Maoni yangu nayasema wazi: sheria hiyo inambana mtu asiyestahili kubanwa. Wewe umelipa, mwandishi amepata chake, na unachotaka ni baba mmoja asikilize kitabu kimoja. Aliyeiba nakala hana shida yako hata moja. Lakini kulichukia kufuli hakunifanyi nikutie wewe hatarini.

Una njia nyingine. Ya kwanza, waandikie huduma kwa wateja uwaeleze kuwa umemnunulia mtu asiyeona na kifaa chake hakichezi. Maduka mengi yana utaratibu wa kurudisha kitabu, hasa kisichosikilizwa hata sura moja. Omba urudishiwe, kisha kitafute kitabu kilekile kwa anayeuza bila kufuli. Mbali na Libro.fm yupo Downpour, na ukurasa wa kitabu hukuambia kama faili haina DRM, yaani lile kufuli. Lisome neno hilo kabla ya kulipa. Si kila kitabu utakipata huko, kwa sababu vingine huuzwa na duka moja tu duniani kwa mkataba.

Ya pili, kwa vile ambavyo haviwezi kurudishwa: chukua simu yako ya zamani, weka programu ya duka, pakua vitabu vyote ukiwa na Wi-Fi ya Columbus, ondoa kila kitu kingine kwenye skrini, iunganishe na spika ya Bluetooth yenye kitufe kikubwa cha kucheza na kusimamisha. Mzee haigusi simu. Simu inakaa kabatini kwenye chaja, yeye anabonyeza spika. Si suluhisho la kudumu, maana siku programu itakapodai uingie upya kwa nenosiri, mtu wa nyumbani lazima awepo.

Na hapo ndipo penye tatizo kubwa la kufuli kuliko hili la redio. Kitabu chenye kufuli kinaishi kwa uhai wa duka. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki 2019, vitabu vilivyonunuliwa viliacha kufunguka. Walirudisha pesa, lakini vitabu vilikwenda. MP3 iliyoko kwenye kadi ya mzee haimuulizi mtu ruhusa.

Kwa macho yake kuna mlango mwingine ambao familia nyingi hazijaambiwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona na wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na kuzipeleka nchi nyingine mwanachama, bila kuomba ruhusa ya mwenye haki kitabu kwa kitabu. Tanzania ilijiunga 2020. Ukifika Desemba, nenda na mzee kwenye tawi la Chama cha Wasioona Tanzania lililo karibu, beba cheti cha daktari wa macho, uulize ni huduma gani ya vitabu wanayoweza kumuunganisha nayo. Nakala hizo mara nyingi huja kwa mpangilio wa DAISY, uliotengenezwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi, ambao ndani yake sauti kwa kawaida ni MP3.

Wakati ukisubiri, ingia LibriVox. Tangu 2005 watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha Marekani, na unapakua kitabu kizima bure, kimekatwa sura kwa sura, MP3 tupu. Wasomaji hawalingani. Sikiliza sura moja kabla ya kumwekea mzee, maana sauti isiyomfaa itamchosha hata kitabu kikiwa kizuri. Mwalimu wa enzi zake atakuwa na riwaya za Kiingereza alizozifundisha ambazo hajazigusa kwa miaka. Muulize kwa simu wiki hii anazitamani zipi, uziandae ukiwa huko huko.

Fanya jaribio kamili kabla ya safari. Weka kitabu kimoja tu kwenye kadi, azima redio kama ile, funga macho, uiwashe, usikilize vipande viwili, uzime, uwashe tena, urudi nyuma kimoja. Ukiweza bila kufungua macho, mzee ataweza. Ukikwama kwenye ile amri ya ffmpeg, nitumie jina kamili la faili pamoja na mstari wa mwisho unaotokea kwenye ukurasa mweusi, tutaumaliza pamoja.